Simu yako ikusemee unapopoteza fahamu

Msomaji mpenzi, funga simu yako kwa nambari ya siri kama ufanyavyo kila siku, kisha umpe jirani yako. Mwombe akueleze, bila wewe kumsaidia, ni nani apigiwe iwapo utazirai sasa hivi, na ni dawa gani usiyopaswa kupewa. Aghalabu hataweza. Ndani ya simu hiyo mna majina mengi ya ndugu, marafiki na majirani, lakini yote yamefungiwa, na mwenye ufunguo ndiye aliyezirai.

Huku kwetu pwani hili si fumbo la kupitishia wakati. Barabara ya kutoka Mombasa kupitia Mtwapa na Kilifi hadi Malindi hupitiwa usiku na mchana na mabasi, matatu, malori, tuktuk na bodaboda. Ajali ikitokea Matsangoni au Gede, mara nyingi majeruhi huletwa hospitalini na wasamaria wema wasiomjua hata kwa jina. Kitambulisho kikipatikana mfukoni kitatuambia jina lake na tarehe aliyozaliwa. Hakitatuambia kwamba ana kisukari, kwamba penisilini humdhuru, wala kwamba mkewe yuko Watamu akimngoja kwa chakula cha jioni. Simu huwa ipo, lakini imefungwa. Basi muuguzi huiweka mezani na kungoja ilie, ili amjibu yeyote atakayepiga. Hiyo ni njia ya kubahatisha, na mgonjwa mahututi hana muda wa kubahatisha.

Jambo la kusikitisha ni kwamba suluhisho limo ndani ya simu nyingi kwa miaka mingi sasa. Mnamo Septemba 2014 kampuni ya Apple ilitoa toleo la nane la mfumo unaoendesha simu za iPhone, na ndani yake mkawa na ukurasa wa maelezo ya afya unaoweza kusomwa hata simu ikiwa imefungwa. Mnamo Agosti 2016 Google nayo ikatoa Android 7, iliyokuwa na nafasi ya maelezo ya dharura. Wakati huo wapenzi wa simu walisifu zaidi uwezo wa kugawa kioo na kutumia programu mbili kwa pamoja. Ukurasa wa dharura haukupigiwa ngoma. Kwa maoni yangu, huo ndio uliokuwa na maana kuliko mengine yote.

Fikira yenyewe si ngeni. Mwaka 1953 huko California, Marekani, msichana mmoja nusura afe baada ya kupimwa kwa dawa ya pepopunda ambayo mwili wake uliikataa. Wazazi wake wakamtengenezea bangili iliyochorwa onyo hilo, na mwaka 1956 wakaanzisha shirika la MedicAlert ili wengine nao wapate bangili kama hizo. Mwaka 2005 mhudumu wa ambulensi nchini Uingereza, Bob Brotchie, aliwashauri watu wahifadhi katika simu nambari ya jamaa wa kupigiwa wakati wa dharura, chini ya herufi ICE. Ulikuwa ushauri mzuri, lakini baadaye watu walipozoea kufunga simu zao, majina hayo nayo yakafungiwa ndani. Ukurasa wa dharura ulikuja kuliziba pengo hilo.

Je, uandike nini? Wengi hudhani la kwanza ni kundi la damu. Sivyo. Hospitali haitakutia damu kwa kutegemea maandishi ya simu. Itapima damu yako kwanza, na ikiwa hakuna muda itatumia damu ya kundi O. La kwanza ni dawa ambazo mwili wako huzikataa. La pili ni maradhi ya kudumu: kisukari, kifafa, pumu, ugonjwa wa moyo, au selimundu, ambayo imeenea sana katika kaunti yetu ya Kilifi. La tatu ni dawa unazotumia kila siku, hasa insulini na zile za kuzuia damu kuganda. Mtu anayemeza warfarini akigonga kichwa, hata kidogo, anaweza kuvuja damu ndani ya fuvu. Daktari akilijua hilo mapema hatamruhusu aende nyumbani hivi hivi.

Mfikirie pia mgonjwa wa kisukari ambaye sukari yake imeshuka mno. Hutoka jasho, huropoka, huyumbayumba na hatimaye huanguka. Akianguka karibu na mangwe, wapita njia watasema amelewa mnazi na watamwacha alale usingizi uishe. Kumbe ubongo wake unakosa chakula, na asipopata sukari upesi anaweza kufa. Maneno mawili tu kwenye simu yake, kisukari na insulini, yangemfanya mtu akimbie kutafuta msaada.

La nne ni nambari ya mtu wa kupigiwa. Mchague aliye karibu, anayeshika simu hata usiku wa manane na anayejua habari za afya yako. Andika uhusiano wenu waziwazi: mke, kaka, binti. Jina la mahaba halimsaidii muuguzi kujua anazungumza na nani. Andika kwa Kiswahili au Kiingereza, na jina la dawa linakili kutoka kwenye pakiti. "Kidonge cheupe cha presha" hakitufikishi popote.

Kwenye simu za Android, fungua mipangilio na utafute neno dharura. Kwenye iPhone, ingia katika programu ya Afya, jaza maelezo, na uruhusu yaonekane simu ikiwa imefungwa. Kisha funga simu na ujaribu mwenyewe: gusa neno la dharura kwenye kioo uone kama maelezo yanatokea. Mpangilio hutofautiana kidogo kati ya aina moja ya simu na nyingine, kwa hivyo usiache kujaribu.

Najua lipo swali la siri. Kinachoweza kusomwa na daktari kitasomwa pia na fundi wa simu na yeyote atakayeiokota. Tunayo Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019, lakini sheria haizibi macho ya mpita njia. Kwa hivyo usiandike humo nambari ya kitambulisho wala ya siri ya M-Pesa. Na ikiwa unatumia dawa za kupunguza makali ya virusi vya Ukimwi, au una jambo jingine usilotaka lijulikane, si lazima uliandike. Weka nambari ya mtu unayemwamini anayelijua, naye atatueleza sisi peke yetu.

Wala tusidanganyane kwamba simu inatosha. Betri huisha, kioo huvunjika, na wapo wanaokimbilia mahali pa ajali kwa nia ya kupekua mifuko. Mwenye simu ndogo ya kubofya naye asijione ameachwa nyuma. Kijikaratasi chenye maelezo yale yale, kilichofungwa kwa plastiki na kuwekwa pamoja na kitambulisho, hufanya kazi hiyo hiyo. Mwenye kisukari au kifafa afadhali awe na vyote viwili.

Lakini ukurasa uliojazwa bila wa kuusoma ni sawa na barua isiyofunguliwa. Ndiyo maana nawaomba wenzangu wa vyumba vya majeruhi, kutoka Kilifi hadi Malindi na katika zahanati ndogo zilizo kando ya barabara, wafanye kuitazama simu ya mgonjwa kuwa sehemu ya kazi, kama vile kupima presha. Vyama vya bodaboda vinaweza kuwafunza wanachama wao kwa alasiri moja, maana mara nyingi wao ndio hufika wa kwanza penye ajali. Wauzaji simu nao wamsaidie mnunuzi kujaza ukurasa huo kabla hajatoka dukani. Haya hayangoji bajeti ya kaunti.

Nawe msomaji, usingoje chama wala duka. Leo usiku kabla ya kulala, jaza ukurasa huo. Kisha chukua simu ya mama au baba yako mzee, ambaye dawa zake ni nyingi na huenda hakumbuki majina yake yote, umjazie na ya kwake.