Maoni: Randal Pinkett alikataa kugawana ushindi, na hakukosea

Kwa wakaaji wengi wa Kabambare, Donald Trump ni rais wa Marekani, basi. Lakini kabla ya siasa alikuwa bwana wa kipindi cha televisheni, The Apprentice, kilichoanza mwaka 2004. Watu wenye akili ya biashara waligawanywa vikundi viwili, wakapewa kazi ya kuuza kitu au kukitangaza. Kikundi chenye kushindwa kiliitwa mbele ya meza ya Trump, na hapo mtu mmoja alifukuzwa. Mwenye kubaki wa mwisho alipata kazi ya mwaka mmoja katika kampuni yake, kwa mshahara wa dola 250,000. Mwalimu wa hapa asijaribu kuhesabu, ataumia kichwa bure.

Desemba 2005, katika msimu wa nne, walibaki wawili: Randal Pinkett, mwanaume mweusi, na Rebecca Jarvis, msichana mzungu aliyekuwa amevunjika kifundo cha mguu na kuendelea kushindana kwa magongo. Trump alimchagua Pinkett. Watu wakapiga makofi. Halafu, mbele ya kamera na kabla furaha haijatulia, akamuuliza mshindi: je, unaonaje, tumpe na Rebecca kazi?

Pinkett alikataa. Alijibu kwamba kipindi kinatafuta mtu mmoja, hakitafuti wawili, na kama Trump anaajiri mtu usiku huo, awe mmoja tu.

Wengi Marekani walimsema vibaya, kwamba ana roho mbaya. Na hapa kwetu pia, mtu akisikia habari hii mara ya kwanza, atamlaumu. Sisi ni watu wa kugawana. Mwenye kurudi na samaki wawili anajua mmoja si wake. Likelemba inaendelea kwa sababu kila mtu anakubali kungoja zamu yake.

Lakini tuangalie vizuri. Katika likelemba, watu wanapatana kabla ya kutoa franga ya kwanza. Hakuna mwenye kuamka siku ya zamu ya mama fulani na kumwambia mbele ya wote: leo tukate nusu, tumpe na jirani. Huko Salamabila, wachimbaji wa dhahabu wanajua ladha ya mchezo huo. Shimo likiwa kavu, ni lako peke yako. Likianza kutoa, wanatokea wakubwa na ndugu ambao hawakushika hata koleo, na ukikataa, wewe ndiwe mchoyo.

Na kuna jambo lingine, ambalo Pinkett mwenyewe amelisema wazi tangu wakati huo. Kabla yake walishinda watatu: Bill Rancic, Kelly Perdew na Kendra Todd. Wote wazungu. Hakuna hata mmoja aliyeulizwa kama anataka kugawana. Aliyeulizwa ni mweusi wa kwanza kushinda. Pinkett aliliita jambo hilo ubaguzi. Ni vigumu kuona jina lingine la kulipa.

Alienda kufanya kazi yake ya mwaka mmoja, na baadaye alisema kwamba katika ofisi za Trump hakukutana na mkuu mwingine mweusi. Aprili 2016, Trump alipokuwa anatafuta urais, Pinkett na washindani wenzake wa zamani, akiwemo Kwame Jackson aliyekuwa wa pili katika msimu wa kwanza, walijitokeza kumpinga. Jibu la Trump lilikuwa kwamba wamesahau upesi, na kwamba bila yeye hakuna mtu angewajua.

Maneno hayo tunayajua sana. Kijana wa Kabambare anashinda shindano la mradi, anapewa cheti na cherehani moja, anapigwa picha na wakubwa, na siku atakayouliza swali ataambiwa: bila sisi ungekuwa nani? Kwa Pinkett jibu ni rahisi. Alipoingia kwenye kipindi alikuwa tayari na diploma tano, kutoka Rutgers, Oxford na MIT, na kampuni yake BCT Partners huko New Jersey. Televisheni ilimpa jina kubwa zaidi. Haikumpa akili, wala haikumpa kazi ya kwanza.

Na waliomwita mchoyo walisahau kitu kimoja. Kampuni hiyo hakuianzisha peke yake. Aliianzisha pamoja na marafiki zake, wakapatana mapema, kabla ya kamera yoyote kufika, na baada ya mwaka wake kwa Trump aliendelea kuiongoza.