Asilimia 90 ya nani? Mama, usipige makofi haraka

1/ Mama wenzangu, na nyie baba vijana, hili linanikera na leo nalisema. Mkiambiwa "kata yetu chanjo ya surua imefika asilimia 90", ulizeni: ya nani, na wapi?

2/ Tuseme kata ina vijiji viwili. Cha kwanza kina watoto 900, waliochanjwa 880. Cha pili kina watoto 100, waliochanjwa 20. Jumlisha: 900 kati ya 1,000. Asilimia 90, watu wanapongezana! Kumbe kijiji cha pili watoto 80 hawana kinga. Surua haisomi wastani, inaingia penye mwanya.

3/ Msiisingizie kompyuta. Inajibu ulichouliza. Iambie "gawa mafungu kwa kijiji, halafu nionyeshe yaliyo chini ya asilimia 95 tu", kijiji cha pili kinaibuka hapo hapo. Sokoni hununui nyanya kwa kusifiwa meza nzima, unageuza fungu lako. Kwa nini 95? Kwa sababu surua inaambukiza mno. Kuizuia kunataka karibu watoto 95 kati ya 100 wapate dozi zote mbili.

4/ Mtego mwingine ni kuchuja. Mtu anatafuta wasiochanjwa, anachuja walioandikiwa "hapana". Mtoto ambaye nafasi yake imeachwa tupu hatokei! Kwa kompyuta, tupu sio "hapana", ni "haijulikani". Ukichuja "ndiyo" hayupo, ukichuja "hapana" hayupo. Yuko mgongoni kwa mama yake, kwenye orodha hayupo. Lazima kuuliza mara ya tatu: nani hana jibu?

5/ Wapo wanaosema ati takwimu sio mambo ya akina mama, na kwamba kugawa kijiji kwa kijiji ni kutuongezea kazi wauguzi. Jamani! Kazi ni kulaza watoto wa surua wawili kitanda kimoja. Kuuliza swali vizuri ni dakika chache.

6/ Kwa hiyo, fungua kadi ya kliniki sasa hivi. Hapa Tanzania surua-rubella ni miezi 9 na miezi 18. Tarehe zimeandikwa? Jina la kijiji au mtaa limeandikwa? Kama pako wazi, usiondoke kliniki mpaka pajazwe, kwenye kadi na kwenye rejista. Na mkutano wa kijiji ukiitishwa, nyoosha mkono: "Ya kata tumesikia. Ya kwetu ni ngapi?"