Uzito wa hesabu ya heroe

Kila Januari, watu wa kujitolea hujipanga kandokando ya maziwa ya Bonde la Ufa nchini Kenya wakiwa na darubini na daftari, wakihesabu ndege wa majini. Zoezi hilo, linaloratibiwa na Makumbusho ya Taifa ya Kenya, lilianza mwanzoni mwa miaka ya 1990. Uingereza ilianza hesabu kama hiyo mwaka 1947, na leo zaidi ya watu 3,000 huifanya bila malipo.

Kwa mtazamaji wa mbali, hii yaweza kuonekana kuwa burudani ya wenye nafasi. Lakini takwimu hizo zina nguvu. Mkataba wa Ramsar, uliotiwa saini nchini Iran mwaka 1971, hulitambua eneo la ardhioevu kuwa na umuhimu wa kimataifa iwapo kwa kawaida lina ndege wa majini 20,000 au zaidi, au asilimia moja ya ndege wote wa aina fulani. Pasipo wa kuwahesabu, kigezo hicho ni maneno matupu.

Mfano ulio wazi ni heroe mdogo, ambaye wengi humwita flamingo. Tangu maji ya Ziwa Nakuru yalipoanza kupanda karibu mwaka 2010, magadi yamezimuliwa, mwani wanaoula umepungua na heroe wengi wameondoka. Je, wamekufa, au wamehama tu? Mwenye hoteli ana jibu lake, na mwanaharakati ana lake. Hesabu ya ziwa moja haiwezi kuwaamua, kwa kuwa heroe huweza kuruka usiku mmoja kutoka Nakuru hadi Bogoria. Ni lazima maziwa kadhaa yahesabiwe katika kipindi kimoja.

Na hata hapo hawahesabiwi mmoja mmoja. Mhesabuji hupima kwa jicho kundi la mia moja, kisha hukadiria makundi mangapi ya ukubwa huo yamo ziwani. Kukosea kupo, tena si kudogo. Hata hivyo, makadirio ya kila mwaka kwa njia ileile huonyesha mwelekeo. Kinachoharibu kumbukumbu ni mwaka uliorukwa kwa sababu petroli au mashua haikupatikana. Kujitolea hakufuti gharama.

Siku hizi wapenzi wa ndege hutuma taarifa kwa simu za mkononi. Ni msaada mkubwa, lakini hauwezi kuchukua nafasi ya hesabu ya Januari. Aonaye ndege adimu hukimbilia kumwandika. Aonaye ufuo mtupu hurudi nyumbani kimya, ilhali sufuri nayo ni taarifa.

Aidha, taarifa nyingi hutoka palipo na barabara nzuri. Ziwa Logipi, katika jangwa la kaskazini mwa Kenya, nalo hupokea heroe, lakini wahesabuji hulifikia kwa nadra.