Kiraka Kitokacho kwa Marehemu



Wapendwa wanaparokia, juma hili nagusa jambo ambalo akina mama wetu hulisema kwa kunong'ona, kama hulisema kabisa. Mama mmoja, aliyeniruhusu nilieleze bila kumtaja, ameishi miaka mingi na kizazi kilichoshuka. Bintiye aliyeko mjini alisoma kwamba ng'ambo madaktari hushikiza sehemu hizo kwa kiraka kitokanacho na ngozi ya marehemu. Mama akaniuliza: "Padre, si dhambi kubeba mwili wa mtu mwingine ndani yangu?"

Si dhambi. Mwaka 1956 Papa Pius XII, akizungumzia konea za macho, alikubali kwamba mwili wa marehemu waweza kuwafaa walio hai. Naye Papa Yohane Paulo II, akihutubia wataalamu wa upandikizaji mjini Roma mwaka 2000, aliuita utoaji wa viungo tendo la upendo, mradi uwe wa hiari na usigeuzwe biashara. Tena ngozi hiyo huoshwa kwa dawa hadi seli zote za mwenyewe zitoke, ukabaki wavu mtupu wa kolajeni. Seli za mgonjwa ndizo zinazouingia na kuujaza.

Hata hivyo, mimi sikipigii debe kiraka hicho. Utafiti mkubwa wa Uingereza uitwao PROSPECT, uliochapishwa mwaka 2016, ulifuatilia wanawake kwa miaka miwili baada ya upasuaji. Waliowekewa kiraka hawakupata nafuu kuliko walioshonwa kwa nyama ya miili yao wenyewe. Wavu wa plastiki nao ulileta madhara, hata Marekani ikaamuru mwaka 2019 usiuzwe tena kwa upasuaji wa kizazi kilichoshuka upitiao ukeni. Basi mama wa Mpui asidhani kwamba tiba yake imefungiwa ng'ambo. Ipo pete ya kushikiza kizazi, yapo mazoezi ya misuli ya nyonga, upo na mshono wa kawaida.

Kinachomzuia ni aibu, nauli, na (tuseme kweli) sisi wanaume. Mzazi wa majuma mawili tunamwona na ndoo kichwani, mtoto mgongoni, jembe mkononi, nasi twamsifu kuwa hodari!

Mwaka 2009 hospitali ya CCBRT ya Dar es Salaam ilianza kutuma nauli kwa M-Pesa ili wanawake wenye fistula wafike kutibiwa. Fistula ni ugonjwa mwingine, lakini aibu ni ileile. Wenzetu waling'amua kwamba matibabu ya bure hayamfai asiye na nauli. Sioni kwa nini jumuiya ndogondogo zetu, zinazochangia misiba bila kusukumwa, zisichangie nauli ya mama aliye hai.

Mume wa mama yule ameniahidi kumpeleka Sumbawanga baada ya mavuno. Nikamuuliza ni nani atakayevuna. Hakunijibu.