TAARIFA YA TAWI: KUFUTA PESA ZA MADIKO SI KUBANA MATUMIZI



Kamati ya tawi imeyasoma makadirio ya bajeti yaliyofikishwa kwenye Bunge la Kaunti yetu mwisho wa Aprili. Tumeyasoma pamoja na yale majedwali ya nyuma ambayo wengi huyaruka. Kwenye idara ya uvuvi, fungu la kupima madiko na kuweka vigingi kwenye njia za kushukia baharini limefutwa lote. Palipokuwa na tarakimu mwaka jana, safari hii pana kistari. Pesa za kukarabati njia zenyewe nazo zimetiwa ndani ya "shughuli nyinginezo". Wenye kufanya kazi ya hesabu tunajua kuwa pesa ikishaingia kwenye "nyinginezo" huwezi tena kumuuliza mtu iko wapi.

Msimamo wa tawi ni kwamba fungu hilo lirudishwe, liandikwe kwa jina lake, kabla bajeti haijapitishwa. Tarehe ya mwisho ni 30 Juni.

Tunakubali kwamba pesa zimebana. Mwaka 2024, Mswada wa Fedha ulipoondolewa baada ya maandamano, mgao wa kaunti zote 47 ulishushwa kutoka shilingi bilioni 400.1 hadi bilioni 387.4, na kaunti nyingi zilikuwa tayari zimepanga matumizi yao. Mgao wenyewe nao hufika kwa kuchelewa. Kwa hiyo hatusemi kaunti isikate kitu. Tunauliza inakata nini, na hicho kinachokatwa kitarudi au hakitarudi.

Barabara ikikosa pesa mwaka huu, mwakani mashimo yataongezeka lakini barabara itakuwepo. Diko haliko hivyo. Katiba, Kifungu cha 62, inasema ardhi yote iliyo kati ya maji yanapojaa na yanapokupwa ni ardhi ya umma. Bahari nayo ni ya umma. Lakini baina ya kijiji na ufuo pana viwanja vya watu, na Katiba haiwezi kumbeba mvuvi juu ya ukuta wa mtu. Kinachombeba ni njia. Mara nyingi ramani ya upimaji inaionyesha njia, ila ardhini hakuna kigingi hata kimoja. Mwenye kiwanja akijenga ua wake anasogea hatua mbili, jirani wa upande wa pili hatua mbili, na njia imekwisha. Hapo hata aliyejenga kwa nia njema atakuuliza mpaka uko wapi, na hutakuwa na cha kumwonyesha.

Kwa lugha ya vitabu, diko ni mali ya kaunti. Mali isiyoandikwa kwenye rejista, isiyo na mipaka wala hati, hupotea bila hasara kuonekana popote. Mwisho wa mwaka hesabu zitatoka safi kabisa na ufuo umeondoka. Ndiyo maana tunasema huku si kubana matumizi. Anayebana matumizi hubaki na mali yake.

Na tuangalie ni nani anayeitumia njia ile. Wengine wanadhani ni manahodha wenye mashua na mashine, lakini hao wakizibiwa hapa wanaweza kwenda kutia nanga kwingine, kwa gharama ya mafuta. Aliyeumia kwanza ni asiye na chombo. Ni akina mama wanaochokoa pweza siku za bamvua. Ni kijana mwenye mshipi na ndoo, mzee wa malema, na mama karanga anayengoja tafi na changu wa bei anayoiweza, akaange auze kabla ya magharibi. Msimu wa kusi ndio mbaya zaidi, kwa sababu vyombo vidogo havivuki mwamba na watu wote hutegemea maji ya karibu. Mwambie mama mwenye beseni kichwani azunguke hadi diko la kijiji kingine, halafu umwambie kaunti imeokoa pesa.

Wavuvi hawa si wa kuombewa msaada. Wanalipa leseni, na samaki akishuka ushuru hutozwa. Uvuvi umetajwa katika Jedwali la Nne la Katiba kama kazi ya kaunti, kwa hiyo hakuna wa kusukumiwa lawama Nairobi.

Tumeambiwa hospitali kwanza. Sawa, hospitali kwanza, na tawi hili halitamgombanisha mvuvi na mgonjwa. Lakini fungua ukurasa wa safari, semina na ukaribishaji wageni uone kama pana kistari. Ripoti za Msimamizi wa Bajeti hutaja kila robo mwaka kila kaunti imetumia kiasi gani kwa safari za ndani na za nje. Zisomeni, ziko wazi kwa kila mtu. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 nayo inataka si chini ya asilimia 30 ya bajeti iende kwenye maendeleo kwa kipindi cha kati. Kupima na kulinda mali ya umma ni maendeleo, au basi sisi hatulijui neno hilo.

Wengine, wamo wanachama wetu, wanasema wawekezaji watakimbia. Mwekezaji aliyenunua kihalali anataka mipaka ijulikane kuliko sisi. Na mgeni wa hoteli huagiza samaki. Atavuliwa na nani?

Tumepewa pia ahadi kwamba fungu litarudishwa kwenye bajeti ya ziada. Bajeti ya ziada huja mwaka wa fedha ukiwa umekwenda mbali, na jiwe la ukuta halingoji.

Kwa wanaoona jambo hili ni dogo, watazame Lamu. Aprili 2018 Mahakama Kuu iliamuru wavuvi wapatao 4,600 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76 kwa athari za ujenzi wa bandari mpya. Ukigawa sawasawa ni takriban shilingi 382,600 kwa mtu. Hiyo ndiyo thamani ya kumzuia mvuvi asifike anapovua, na kesi ilikuwa imefunguliwa tangu 2012. Kigingi hakifikii gharama hiyo. Huko huko Lamu, Waaweer walioishi kwa upinde na asali walizuiwa kuwinda nchi nzima ilipopigwa marufuku uwindaji mwaka 1977, na hadi leo hawajarudishiwa. Ile angalau ilikuwa amri, ilitangazwa, kila mtu akaisikia.

Sasa kazi iliyo mbele yetu. Kikao cha maoni ya umma katika wadi kitafanyika mwezi huu. Siku na mahali tutazituma hapa mara tu karani atakapothibitisha. Kila mwanachama aje na kitambulisho, na asije peke yake, aje na mvuvi mmoja au mama karanga mmoja, awe wa chama chetu au asiwe. Atakayesimama ataje fungu kwa jina na ukurasa, aseme lirudishwe, na aseme likatwe wapi badala yake. Dakika mbili zinatosha. Ukitia saini karatasi ya mahudhurio, ukanywa soda ukaondoka, umehesabiwa kuwa umekubali bajeti yote.

Mwakilishi wadi wetu ni wa chama hiki na tumemwandikia barua. Tunamheshimu, na siku ya kura tutaangalia ameinua mkono upande gani.

Hatumtumi mtu yeyote kung'oa ua wa mwenzake. Atakayefanya hivyo hafanyi kwa jina la tawi.

Viongozi wa BMU wanaoandaa waraka wa pamoja wamwone katibu kabla ya Ijumaa. Wenye picha za njia zilizozibwa wazitume kwa namba ya tawi, kila picha na jina la diko na tarehe iliyopigwa.

Katibu wa Tawi,
kwa niaba ya Kamati.