Muvi Ikiisha Usitoke: Mbona Wakubwa Wanaogopa Maswali Kuliko Filamu?

Hebu tupige hesabu kidogo. Muvi iko YouTube, bure kabisa. Kila msee mwenye bando anaicheki akiwa kwa mathree, kejani ama kazini bosi akiangalia kando. Sasa kwani kuna haja gani ya kuzuia watu wachache wasiicheki pamoja ndani ya ukumbi mmoja hapa Nairobi?

Hiyo ndiyo ngori iliyotokea Aprili 2025. BBC Africa Eye ilitoa "Blood Parliament", dokumentari kuhusu vijana waliopigwa risasi pale Bunge tarehe 25 Juni 2024. Plan ilikuwa ionyeshwe hapa tao, kisha watu wabaki wakiibonga. Onyesho likakatwa. BBC wenyewe walisema walipata presha kutoka kwa mamlaka. Siku chache baadaye, 2 Mei, makarao wakashika watengenezaji filamu wanne Wakenya, wakaachiliwa siku iliyofuata. BBC ikasema hao wanne hata hawakuhusika na hiyo dokumentari.

Sasa angalia kilichozuiwa ni nini hasa. Filamu haikuzuiwa, mamilioni ya watu waliicheki kwa simu. Kilichokufa ni ile saa moja baada ya filamu: taa zinawashwa, watengenezaji wanakaa mbele, mtu anapewa maiki, na watu wasiojuana wanagundua kumbe wanauma na kitu kimoja. Kwa simu uko peke yako, unakasirika, unaskroli, unapatana na video ya paka, yameisha. Ndani ya ukumbi huwezi kuskroli jirani yako.

Na usidhani hii ni stori ya juzi. Rudi 1977, Kamĩrĩĩthũ, Limuru. Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ waliandika mchezo wa "Ngaahika Ndeenda" na wanakijiji wakauigiza. Mazoezi yalikuwa wazi. Mkulima alikuwa anasimama anarekebisha actor, mfanyakazi wa kiwandani anasema maisha ya kazini hayaendi hivyo, na mchezo unabadilishwa. Maswali na majibu yalianza hata kabla ya onyesho! Mchezo ukapigwa wiki chache tu, serikali ikafuta leseni mwezi wa Novemba. Mwaka ukiisha, Ngũgĩ wa Thiong'o alikuwa ameshikwa, akafungwa karibu mwaka mzima bila kesi. Kitabu kilikuwa kinaruhusiwa. Watu kukusanyika ndiyo ilikuwa shida.

Ile sheria inayosimamia filamu na michezo ya steji Kenya, ile wanaita Cap 222, ni ya 1962. Yaani mkoloni alikuwa bado hajafunga virago. Hiyo ndiyo inasema ni nani anapewa leseni ya kushuti na filamu gani inaweza kuonyeshwa watu.

Unakumbuka "Rafiki" ya Wanuri Kahiu? Mwaka wa 2018 ilikuwa filamu ya kwanza ya Kenya kuchaguliwa kuonyeshwa Cannes, Ufaransa. Kabla ifike huko, bodi ya filamu ikaipiga marufuku hapa nyumbani, kwa sababu ni stori ya mapenzi ya wasichana wawili. Kahiu alieleza kwamba bodi ilitaka mwisho ubadilishwe, eti ulikuwa na matumaini sana. Mwezi wa Mei, watu wa Ufaransa wakaicheki na wakapata nafasi ya kubonga na waliotengeneza. Mkenya alingoja hadi Septemba, korti iliposimamisha marufuku kwa siku saba, na watu wakajaa kumbi hadi tiketi zikaisha.

Uwe unakubaliana na hiyo stori ama hukubaliani, si hiyo ndiyo pointi. Pointi ni hii: stori ilikuwa ya Nairobi, lakini mtu wa kwanza kumuuliza dairekta "kwa nini ulifanya hivi?" alikuwa mgeni. Na kama ulikuwa unaipinga, wewe pia ulinyimwa nafasi ya kumwambia hivyo usoni.

SASA SISI TUNAFANYA NINI NA HIYO MAIKI?

Hapa ndipo itauma kidogo, mbogi. Kama hiyo saa moja inaogopwa hivyo, mbona sisi tukiipata tunaichezea?

Nimehudhuria hizi mambo kibao, festivali kubwa na zile ndogo za viti vya plastiki. Wahusika ni wale wale. Kuna Profesa: anashika maiki dakika saba, anatupeleka historia ya dunia nzima, halafu anamaliza na "kwa hivyo sina swali, ni maoni tu." Kuna Hongera: anasema kazi safi, Mungu awabariki, anakaa. Kuna yule wa mabusu: filamu ni ya njaa na ufisadi, lakini yeye anataka kujua actress alijisikiaje kwa ile sini ya kitanda. Actor wa kiume haulizwi hivyo, umeona?

Halafu kuna CV: "Mimi pia ni actor, natoka Kayole, naomba tu mnipe nafasi." Huyu watu humcheka. Mimi simcheki. Hana mlango mwingine. Hajui ofisi ya prodyusa iko wapi, na hata akijua mlinzi hamruhusu apite. Maiki ndiyo mlango wake. Dawa si kumnyamazisha. Waandalizi watenge nusu saa baadaye, prodyusa asimame pale nje, watu wa CV wampate huko. Swali la filamu libaki swali la filamu.

Na kuna kosa la waandalizi: mbele wanaweka dairekta na staa pekee. "Softie" ya Sam Soko, ile dokumentari ya Boniface Mwangi akiwania ubunge Starehe, ilipata tuzo maalum ya uhariri pale Sundance mwaka wa 2020. Uhariri! Sasa niambie, ni mara ngapi umeona mhariri akipewa maiki hapa Kenya? Ama yule msee wa sauti? Ndio wanajua ni nini kilikatwa.

MASWALI YENYE MAANA NI YAPI?

Moja, uliza doo. Si kiasi, uliza ilitoka wapi. "Nairobi Half Life", "Kati Kati" na "Supa Modo" zote zilipitia One Fine Day Films, mradi ulioanzishwa na Tom Tykwer, dairekta wa Ujerumani, na mkewe Marie Steinmann. Filamu kali, hakuna ubishi, na zimefunza wasee wengi kazi. Lakini ukijua nani analipa, unaanza kuuliza ni stori gani hazipati wa kuzilipia.

Mbili, kama ni dokumentari, uliza kuhusu walioshutiwa. Walikubali aje? Wameiona? Wako salama? Dairekta anaenda festivali ya ng'ambo, lakini yule wa kwa skrini anabaki mtaani na majirani wale wale.

Tatu, uliza actor kuhusu maisha baada ya makofi. Joseph Wairimu alishinda tuzo ya actor bora Durban mwaka wa 2012 kwa "Nairobi Half Life". Tuzo kama hiyo hubadilisha nini kwa actor wa Kenya? Simu zinaongezeka? Kontrati inakuwa nono, ama landlord bado anagonga? Hilo ni swali la kazi, na vijana wote pale ndani wanahitaji jibu lake.

Nne, uliza itaonyeshwa wapi tena. Hili ndilo muhimu zaidi. Maonyesho mengi ni Kilimani, Westlands na tao. Muvi inaanza jioni, maswali yanaanza saa tatu usiku, na saa hiyo mathree ya Kayole imeshapandisha nauli na mvua inanyesha. Kwa hivyo wanaobaki kuuliza ni wenye magari. Slum Film Festival ilipoanza 2011, ikapeleka skrini Kibera na Mathare, ilionyesha kwamba inawezekana kuwafuata watu kwao. Festivali zingine zinaweza kuanza mapema, kuweka onyesho moja mtaani, na kuruhusu maswali kwa Sheng bila mtu kuombwa radhi kwa ngeli yake.

Sembène Ousmane wa Senegal alikuwa anaita sinema shule ya jioni. Mimi chuo sikumaliza, karo ilikataa, kwa hivyo hiyo shule naichukulia serious. Ndani ya hizo kumbi nimejua vile bajeti inatengenezwa na vile leseni inaombwa, bila kulipa semista.

Kwa hivyo wikendi ukiona onyesho, enda. Majina yakianza kupita kwa skrini, kaa. Ukipewa maiki, uliza swali moja, fupi, lenye hujui jibu lake. Halafu mpe jirani, hata kama hamjuani.