Kupumzika Nako ni Wajibu: Tafakari ya Msimu wa Kipupwe



Wapendwa waamini, masika yamekwisha, kipupwe kimeingia, na shule zinakaribia kufungwa. Huu ndio wakati ambapo baadhi ya familia za hapa Ilala huanza kuulizana kama mwaka huu wataweza kukodi gari, wakatoka mjini siku nne au tano, wakae mahali penye baridi na ukimya, halafu warudi. Wengi huishia kuulizana tu. Baba husema duka halina wa kuliangalia, mama husema ada ya muhula ujao haijapatikana, na watoto hunyamaza kwa sababu jibu hilo walilisikia hata mwaka jana. Pia yupo mzee wa busara katika jumuiya ambaye hufunga mazungumzo kwa kusema kuwa likizo ni mambo ya Wazungu, sisi tunakwenda nyumbani Desemba na inatosha.

Juma hili ningependa kulitetea wazo la safari hiyo. Familia inayofanya kazi kwa bidii mwaka mzima na kupanga siku chache za utulivu haifanyi anasa, bali inatimiza wajibu. Lakini wajibu huo una masharti yake, nami nitayataja bila kuficha.

Tuanze na Injili. Mtakatifu Marko anatusimulia kwamba mitume walirudi kutoka utume wao wakampa Yesu habari za yote waliyoyatenda (Mk 6:30-32). Bwana hakuwaongezea kazi. Aliwaita waende naye mahali pasipo watu wapumzike kidogo, na mwinjili anaeleza sababu yake: watu waliokuja na kuondoka walikuwa wengi mno, hata wao hawakupata nafasi ya kula. Mkazi wa Kariakoo hahitaji mfafanuzi wa Biblia ili aielewe aya hiyo. Anayefungua duka Mtaa wa Kongo au Mtaa wa Msimbazi kabla jua halijachomoza, akala chakula cha mchana amesimama huku akimhudumia mteja, akafunga usiku na kurudi nyumbani watoto wamelala, anaijua vizuri. Mwaka 2025 ulizinduliwa mpango wa kufanya biashara Kariakoo kwa saa 24. Sina ugomvi na mpango huo, kwa maana una riziki za watu wengi ndani yake. Nasema tu kwamba soko linaweza kukesha, lakini mwanadamu hawezi. Soko lisipolala, ni lazima kila mmoja wetu aamue mwenyewe atalala lini, maana soko halitamwamulia.

Mama Kanisa amelisema hili mara nyingi. Mwaka 1891, katika Rerum Novarum, Papa Leo wa Kumi na Tatu alitetea haki ya mfanyakazi ya kupumzika. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika Gaudium et Spes ya mwaka 1965, ulifundisha kuwa wafanyakazi wapate muda wa kutosha kwa ajili ya familia, utamaduni, jamii na dini. Papa Yohane Paulo wa Pili aliiandikia Dominika barua nzima, Dies Domini, mwaka 1998, na Papa Fransisko katika Laudato Si' ya mwaka 2015 akakumbusha kuwa pumziko si uvivu, bali ni sehemu ya kazi yenyewe, ile inayoipa maana. Mapapa wenyewe wamepumzika kwa namna mbalimbali. Yohane Paulo wa Pili alipenda kwenda milimani, huko Les Combes katika Valle d'Aosta. Papa Leo wa Kumi na Nne alikwenda Castel Gandolfo Julai 2025. Papa Fransisko hakuwa na desturi ya kuondoka Vatikano wakati wa kiangazi. Alipunguza shughuli akabaki palepale. Kwa hiyo mapumziko hayapimwi kwa kilometa.

Kuhusu hoja kwamba likizo ni mambo ya Wazungu, tuwatazame Waitalia, ambao wengi wetu tunawajua kwa sababu ya Roma. Majira yao ya vuli, zabibu na zeituni zinapovunwa, familia nyingi za mijini huenda mashambani Toscana au Umbria, zikalala katika nyumba za wakulima na kula kilichotoka katika shamba lilelile. Tangu mwaka 1985 nchi hiyo ina sheria inayomwezesha mkulima kupokea wageni shambani kwake, ili mapato hayo yamsaidie kubaki kwenye ardhi yake. Je, hilo ni geni kwetu? Babu zetu hawakulima mwaka mzima bila kupumua. Baada ya mavuno kulikuwa na ngoma, harusi, na kutembeleana hadi vijiji vya mbali. Hatukufundishwa kupumzika na wageni. Tumesahaulishwa na mji.

Ile safari ya Desemba ni njema, nami siipingi. Lakini tuseme ukweli: kwa wengi si mapumziko. Barabara imejaa, nauli imepanda, kila nyumba inakungoja na jambo lake, kikao cha ukoo kinafuatiwa na kikao cha harusi, na mtu hurudi Dar es Salaam mwezi Januari amechoka kuliko alivyoondoka. Kwenda nyumbani ni wajibu wa upendo kwa wazazi na ukoo. Kukaa kimya na mke, mume na watoto wako ni wajibu mwingine, na mmoja haufuti mwingine.

Sasa nije kwenye safari yenyewe. Anayetaka kwenda Lushoto, kwa mfano, hana haja ya kuikimbilia kama basi la abiria. Anaweza kupitia Bagamoyo, mwendo wa kilometa 70 hivi, akawaonyesha watoto misheni iliyoanzishwa na Mapadre wa Roho Mtakatifu mwaka 1868, na kuwaeleza habari za watumwa waliokombolewa na kulelewa pale. Kisha ashike barabara ya Msata, avuke Wami, apite Segera na Korogwe, na pale Mombo aiache barabara kuu na kuanza kupanda. Kutoka Mombo hadi Lushoto ni kilometa 33 hivi za kona juu ya kona, na hewa hubadilika kabla ya kufika Soni. Karibu na Soni wapo watawa Wabenediktini wa Sakharani na shamba lao. Ubiri, karibu na Lushoto mjini, wapo masista wenye nyumba ya wageni. Ukilala kwa watawa utapata Misa asubuhi, utapata mboga zilizochumwa jana, na fedha yako itakuwa imesaidia kazi ya Mungu. Ukinunua matunda barabarani, usimbane mkulima kwa bei kama unavyombana mwenzako wa Kariakoo. Yeye hana duka la pili.

Haya ni masharti manne ninayoyasisitiza.

La kwanza, kodi gari lakini usikodi sifa. Yapo magari yanayokodiwa ili familia ifike, na yapo yanayokodiwa ili majirani waone. Mwongozo wa Uchungaji wa Barabarani, uliotolewa na Baraza la Kipapa la Wahamiaji na Wasafiri tarehe 19 Juni 2007, una amri kumi za dereva, na mojawapo inaonya kuwa gari lisigeuzwe chombo cha kuonyesha nguvu na kutawala wengine. Mtu akikopa ili aonekane ana gari kubwa kwa siku tano, kisha akalipa mkopo huo kwa miezi kumi kwa ada za watoto, hakupumzika. Alinunua mateso kwa mkopo. Familia mbili zikichangia Noah moja, au jumuiya ikikodi Coaster, hakuna aibu yoyote. Na asiyeweza hayo aende Bagamoyo asubuhi kwa basi akarudi jioni, au apande treni ya mwendokasi iliyoanza kubeba abiria hadi Morogoro mwezi Juni 2024. Huko ataitazama milima ya Uluguru, ambako mto Ruvu unaotunywesha maji hapa mjini unapata chanzo chake. Hiyo pekee ni tafakari ya siku nzima.

La pili, usalama. Amri ya kwanza kati ya zile kumi ni usiue, na Katekisimu ya Kanisa Katoliki (namba 2290) inafundisha kuwa anayehatarisha maisha yake na ya wengine barabarani kwa ulevi au kwa kupenda mwendo kasi ana hatia nzito. Hatia hiyo huungamwa, ndugu zangu, ingawa ni nadra kuisikia kitubioni. Kabla ya kutoa fedha tazama matairi, la akiba likiwamo, jaribu breki na taa, hesabu mikanda, ulizia pembetatu za tahadhari. Soma mkataba: nani atagharamia gari likiharibika njiani? Bima iliyopo inahusu gari la kukodisha, au iliandikwa kwa matumizi ya mwenye gari tu? Mtu akikupa gari la shemeji yake bila karatasi yoyote kwa sababu ni rahisi, jiulize urahisi huo utalipwa na nani siku ya ajali. Vijijini usivuke kilometa 50 kwa saa, hata kama askari hayupo, kwa maana mtoto anayevuka barabara yupo. Na unaposhuka kutoka Lushoto, shuka kwa gia ndogo, usiitegemee breki peke yake.

La tatu, Dominika haina likizo. Msafiri atafute mapema kanisa lililo njiani na saa ya Misa yake. Kanuni ya 1247 ya Sheria za Kanisa inataja mambo mawili kwa pamoja: kushiriki Misa, na kuacha shughuli zinazozuia ibada, furaha ya siku ya Bwana na pumziko la akili na mwili. Tusichukue moja tukaacha la pili. Anayekosa Misa ili awahi hotelini amekosea. Na anayesali Misa ya kwanza kisha akashinda dukani hadi usiku kila Dominika, bila kulazimika, naye ajihoji.

La nne ndilo zito kuliko yote, na ndilo lililonisukuma kuandika. Kitabu cha Kumbukumbu la Torati (5:12-15) kinaamuru kwamba siku ya Sabato asipumzike bwana peke yake, bali mtumwa na mjakazi wake wapumzike vilevile, hata ng'ombe na punda, na kinawakumbusha Waisraeli kuwa nao walikuwa watumwa Misri. Sasa jiulize: ukiwa Lushoto na familia yako, nani yuko dukani? Kijana wako wa duka alipumzika lini mara ya mwisho? Dada anayekusaidia nyumbani amekwenda kwa mama yake lini? Ukimchukua safarini ili akupikie na kubeba mtoto, hiyo ni likizo yako, si yake. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi likizo ya mwaka isiyopungua siku 28 mfululizo, na pumziko la saa 24 kila juma. Sheria ya nchi inasema hivyo, na sheria ya Mungu ilitangulia kusema. Hata dereva uliyemkodi pamoja na gari ana mwili unaochoka na roho inayohitaji Misa. Mwekee kitanda chema, na umwache alale kabla ya kurudi.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa mwenye duka ni huu: panga likizo za wafanyakazi wako kwanza, kisha yako. Ikibidi, funga duka siku tatu. Najua maneno hayo yanauma. Mteja atakwenda kwa jirani, na pengine wengine hawatarudi. Hasara hiyo ni ya kweli, nami siwezi kukuahidi kuwa itafidiwa kwa shilingi. Lakini mtoto naye hukua duka likiwa wazi. Wapo wazazi wanaokuja ofisini kuniomba nizungumze na kijana wao wa miaka kumi na saba, na katika mazungumzo naona kuwa baba na mwana hawajuani. Hakuna padre awezaye kurudisha miaka ile kwa saa moja ya ushauri. Siku tano ndani ya gari moja, simu zimezimwa, Rozari inasaliwa kati ya Segera na Korogwe, zingeweza kuanza mapema kile tunachokitafuta kwa machozi baadaye.

Basi, juma hili, kaeni baba, mama na watoto mezani mkazungumze. Chagueni tarehe, hata kama ni siku moja tu. Hesabuni gharama bila kukopa. Kisha muulizeni kila anayewatumikia: na wewe, utapumzika lini?

Bwana aliyepumzika siku ya saba awajalie safari njema na marejeo mema, na Mtakatifu Kristofa awaombee wote walio barabarani.

Wenu katika Kristo,
Paroko